Mwongozo kamili wa kula izakaya na marafiki: kuanzia pazia la mlangoni hadi kwenye kaunta ya kulipia

Malalamiko ni yaleyale kila mara. Watu wanne wanaingia izakaya, kila mmoja anaagiza sahani yake kama yuko kwa mama ntilie, wa kwanza anamaliza kula kabla wa tatu hajaletewa, wali hauonekani, na bili inakuja na kitu ambacho hakuna aliyekiagiza. Wanatoka wakisema wameibiwa. Hawajaibiwa. Wameagiza kwa utaratibu wa mahali pengine.

Izakaya ni baa ya Kijapani yenye jiko la maana. Inakaribiana zaidi na baa ya nyama choma kuliko na hoteli ya chakula cha mchana: vyakula vinawekwa katikati na kila mtu anachukua. Ila kwenye nyama choma unaagiza kilo mbili kwa mkupuo na kusubiri. Hapa unaagiza sahani tatu ndogo, mnakula, mnaagiza tatu nyingine. Ukilishika hilo, hatua zote zinazofuata zitakuwa nyepesi.

## Vitu vya kuwa navyo

- Pesa taslimu, yen 4,000 kwa kila mtu. Sehemu nyingi hupokea kadi au malipo ya simu, lakini vibanda vya vichochoroni bado vinataka noti. Mkikuta kadi haipiti, mmoja wenu atakimbilia mashine ya kutolea pesa usiku.
- Soksi safi zisizotoboka. Huenda ukavua viatu.
- Pasipoti au kadi ya ukaazi. Umri wa kunywa pombe Japani ni miaka 20. Umri wa utu uzima ulishushwa hadi 18 mwaka 2022, ila wa pombe haukuguswa. Ukionekana kijana utaulizwa.
- Simu yenye programu ya kutafsiri picha, na chaji ya kutosha. Menyu za kuandikwa kwa mkono huishinda programu mara nyingi, kwa hiyo usiitegemee peke yake.
- Orodha ya nani hali nini. Ulizaneni kabla ya kutoka nyumbani, si mbele ya mhudumu.

Kuhusu lugha, Mswahili ana bahati. Irabu za Kijapani ni zetu zilezile a, e, i, o, u, na maneno husomwa kama yalivyoandikwa. *Sumimasen* (samahani) litamke kama lilivyo, mhudumu atakuja. La kuangalia ni *u* ya mwisho katika *-masu* na *desu*, ambayo humezwa: *onegaishimas*, *des*.

## Hatua ya 1: Chagua mahali na uweke nafasi

Kwa mara ya kwanza nenda izakaya ya kampuni yenye matawi mengi. Menyu ina picha, oda hupigwa kwenye tableti iliyopo mezani ambayo mara nyingi ina lugha zaidi ya moja, na bei zinaonekana. Torikizoku, kwa mfano, inajulikana kwa kuku na kwa kuuza karibu kila kitu kwa bei moja, hivyo hesabu ni rahisi. Vichochoro maarufu kama Omoide Yokocho kule Shinjuku, Tokyo, vinapendeza, lakini vibanda vyake vina viti vichache vya kaunta. Watu sita hamtakaa pamoja.

Ijumaa na Jumamosi weka nafasi mapema. Andika jina fupi, idadi kamili ya watu na saa. Mkipungua au kuongezeka, pigeni simu. Meza imetengwa kwa idadi hiyo, na kwenye nafasi za mlo uliopangwa tayari unaweza kutozwa hata kwa asiyekuja.

Saa zao zisikuchanganye. Mlangoni utaona 17:00–25:00. Hiyo 25:00 ni saa saba usiku, yaani siku ya biashara imevutwa hadi baada ya saa sita.

Onyo: mitaa ya starehe kama Kabukicho, hukohuko Shinjuku, ina vijana wanaowaita wapita njia na kuahidi vinywaji vya bei poa. Usiwafuate, hata akitaja jina la izakaya unayoijua. Tokyo imepiga marufuku uvutaji huo wa wateja, na wanaofuata ndio huishia na bili za makumi ya maelfu. Izakaya nzuri haihitaji mtu wa kukuvuta mkono.

## Hatua ya 2: Ingia, vua, kaa

Pazia fupi la kitambaa likining'inia mlangoni, pamefunguliwa. Likiwa limetolewa, pamefungwa hata kama taa zinawaka. Ingia, simama hapohapo. Utaulizwa *nanmei-sama desu ka*, mko wangapi. Onyesha vidole au useme *yonin desu*, tuko wanne. Usitembee kutafuta meza mwenyewe.

Kuna kaunta, meza za kawaida na sehemu ya mikeka ya tatami. Ukiona sakafu imeinuka na viatu vimepangwa, vua. Viatu huwekwa kwenye kabati dogo, na ufunguo wake mara nyingi ni kipande cha ubao. Ukienda msalani utakuta ndala za mle ndani tu. Zivae ukiingia na uziache hapohapo ukitoka. Kurudi nazo mezani ni kosa ambalo ukumbi mzima utaliona.

Kwenye tatami, kukunja miguu ni sawa. Mwenye miguu mirefu au goti bovu aombe *horigotatsu*, meza yenye shimo chini la kuteremshia miguu.

Nafasi ya mbali na mlango ni ya mkubwa au mgeni. Anayekaa karibu na njia ndiye anayeita mhudumu, kupokea sahani na kupitisha vyombo. Mpe kiti hicho anayejua Kijapani kidogo.

Kama moshi wa sigara unawakera, angalieni kibandiko mlangoni. Tangu Aprili 2020 uvutaji ndani umebanwa kisheria, lakini baa ndogo za zamani zimeruhusiwa kuendelea mradi zitangaze. Panaporuhusiwa sigara, aliye chini ya miaka 20 haingii.

## Hatua ya 3: Taulo, kibakuli kisichoagizwa, kinywaji

Kwanza inakuja *oshibori*, taulo dogo lenye maji, la moto au la baridi. Ni la mikono. Usijifutie uso wala meza.

Kisha kila mtu anawekewa kibakuli kidogo: mboga iliyochemshwa, tofu, kipande cha samaki. Hii ndiyo *otoshi*, na ukienda Osaka utasikia *tsukidashi*. Si zawadi. Ni kiingilio cha kiti kilichovaa sura ya chakula, kwa kawaida yen 300 hadi 500 kwa kila kichwa. Sehemu chache hukubali kuiondoa ukiuliza *otoshi katto dekimasu ka* mara tu mnapokaa. Ukishaigusa, umeilipia. Ushauri wetu ni kula na kuihesabu kwenye bajeti, maana kuigombania ni kuanza jioni vibaya.

Vinywaji huagizwa kabla ya chakula, vyote kwa pamoja. Wajapani husema *toriaezu nama*, "kwanza bia ya bomba", kwa sababu bia hutoka haraka na hakuna anayesubiriwa. Asiyekunywa aagize *uuron-cha*, chai baridi isiyo na sukari, ambayo haikosekani popote. Mmoja aagize kwa niaba ya wote. Kuhesabu vitu ni *hitotsu, futatsu, mittsu, yottsu*: moja, mbili, tatu, nne.

Glasi zikifika, usinywe. Subiri ya mwisho ifike, inueni, semeni *kanpai*, gonganisheni. Ukigonganisha na mtu mzima kuliko wewe, ukingo wa glasi yako uwe chini kidogo ya wake.

## Hatua ya 4: Agizeni kwa mawimbi

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Meza ni ndogo, jiko hutoa kila sahani ikiiva bila kusubiri mwenzake, na sahani nyingi zina vipande vinne hadi sita tu. Mkiagiza kumi na mbili kwa pamoja, karaage (kuku wa kukaanga) itapoa mkiwa bado na tofu, na hakuna pa kuweka glasi.

Wimbi la kwanza, pamoja na vinywaji: sahani tatu za haraka. Edamame (soya changa zilizochemshwa na maganda yake), *hiyayakko* (tofu baridi) na kabichi mbichi au saladi ya viazi. Hivi havihitaji moto, vinafika ndani ya dakika chache na kuzuia njaa isiagize ovyo. Edamame zinabanwa kwa meno zitoke, ganda halitafunwi. Linatupwa kwenye bakuli tupu litakaloletwa.

Kama mnataka *kamameshi*, wali unaopikwa ndani ya kichungu chake, agizeni sasa hivi. Unachukua kama nusu saa. Wakiagiza mwisho, wengi huondoka kabla haujaiva.

Wimbi la pili, glasi zikifika nusu: sahani tatu au nne za uzito. Samaki mbichi wa aina mbalimbali (*sashimi moriawase*), kuku wa kukaanga (*karaage*) na mishikaki (*yakitori*). Kwa sashimi, taja idadi yenu: sahani ya kawaida huwa na vipande viwili au vitatu kwa kila aina, na watu wanne mtatazamana. Uliza kama kuna ya *yoninmae*, ya watu wanne.

Yakitori ina eneo lake la kujidai kwa Mswahili. *Momo* ni paja, *negima* ni paja na vitunguu virefu vya majani, *kawa* ngozi, *hatsu* moyo, *reba* maini, *bonjiri* mkia, *tsukune* kuku wa kusaga, na *sunagimo* ni firigisi, ambayo hapa hakuna wa kuidai kwa sababu ya heshima ya baba mwenye nyumba. Utaulizwa *shio* au *tare*, yaani chumvi au mchuzi mtamu. Ngozi na firigisi kula kwa chumvi. Maini na tsukune yanapendeza kwa mchuzi. Sehemu nyingi sahani moja ni vijiti viwili, basi soma idadi kabla ya kuzidisha.

Wimbi la tatu: tazameni meza kwanza. Kama kuna sahani ambayo haijaguswa, msiagize. Chakula kilichobaki kwa kawaida hakifungwi kupelekwa nyumbani, hasa cha mbichi.

Onyo: ukikuta kuku mbichi au wa kuunguzwa juujuu (*toriwasa*, *tori tataki*), acha. Ini bichi la ng'ombe lilipigwa marufuku 2012 na nguruwe mbichi 2015, lakini kuku bado anaonekana kwenye menyu, na bakteria wa *Campylobacter* hawajali sifa za mpishi.

Mkiona kwa dakika zote hizo hakuna aliye mikono mitupu na hakuna sahani zaidi ya nne mezani, mnaenda vizuri.

## Hatua ya 5: Kula kutoka sahani moja

Aliyelelewa kula sinia moja anajua kula upande wake. Hapa kanuni ni nyingine: chukua kipande, kiweke kwenye sahani yako ndogo (*torizara*), kisha ule kutoka hapo. Kutoka sahani kuu moja kwa moja hadi mdomoni ni ulafi. Sahani zikichafuka kwa michuzi, ombeni nyingine, hazina malipo.

Ikija sahani na vijiti vyake vya kupakulia, tumieni hivyo. Isipokuja na mko marafiki, vijiti vyako vinatosha. Mambo mawili tu hayasameheki: kupokezana kipande kutoka vijiti hadi vijiti, na kusimamisha vijiti ndani ya wali. La kwanza ndivyo mifupa ya marehemu inavyookotwa baada ya kuchomwa, la pili ndivyo wali unavyowekwa mbele ya maiti. Ukimaliza, vilaze juu ya kigingi chake kidogo.

Sasa itazame karaage inapofika: vipande vitano vya moto, na pembeni kipande cha limau. Mkono wa mtu mwema utakwenda kulikamua juu ya sahani nzima. Mzuie. Kuna wasiopenda ukoko ulolowa, na Japani ugomvi wa limau la karaage ni wa kudumu. Uliza *remon kakete ii?* au kila mtu akamue kwake.

Kuhusu kuchomoa yakitori yote na kuiweka sahanini ili mgawane, hakuna mwafaka. Wapishi wengi hawapendi, kwa kuwa nyama hupoa na maji yake kutoka. Kama mko wengi, agizeni vijiti vinavyotosha, kila mtu ale chake na kijiti akitie kwenye kopo lililopo mezani.

Vipande vitano, watu wanne. Kimoja kitabaki na kila mtu atajifanya ameshiba. Watu wa Osaka wana jina lake, *enryo no katamari*, bonge la haya. Usiliache lipoe. Muulize mwenzako mmoja kwa jina, akikataa, lile wewe.

Chupa ikiwa mezani, mmiminie mwenzako, naye akumiminie. Kujimiminia si kosa kubwa siku hizi, lakini kuona glasi ya mkubwa iko tupu na kunyamaza kunaonekana. Usiyetaka zaidi, acha glasi yako ikiwa imejaa. Ikiwa tupu inaomba.

## Kwa wasiokula nguruwe na wasiokunywa pombe

Hili tulizungumze wazi. Izakaya ya kawaida si ya halali, hata ile ya kuku tupu: kuku hajachinjwa kwa sharti, mchuzi wa tare kwa kawaida una *mirin* (pombe tamu ya mchele) au sake ya kupikia, na mafuta ya karaage huenda yamekaangiwa nguruwe. Anayeshika sharti zima atafute mahali penye cheti, au abaki na edamame, tofu na samaki wa kuchoma kwa chumvi, akijua pia kwamba baadhi ya sosi za soya huongezwa alkoholi ili zisiharibike.

Anayekwepa nguruwe pekee ana nafasi kubwa zaidi. Jifunzeni kuzitambua herufi hizi: 豚 nguruwe, 鶏 kuku, 牛 ng'ombe, 魚 samaki. Mitego ambayo haina 豚 kwenye jina ni gyoza (vitumbua vya unga vyenye nyama ndani), yakisoba (tambi za kukaanga), saladi ya viazi (mara nyingi ina ham, nyama ya nguruwe iliyosindikwa) na tsukune, ambayo baadhi ya sehemu huchanganya nyama. Sema *butaniku wa taberaremasen*, sili nguruwe. Usiseme tu "hapana nyama", kwa sababu *niku* (nyama) masikioni mwa wengi haigusi ham wala bekoni.

Kwa pombe, *osake wa nomimasen* inatosha na hakuna atakayekushinikiza. Ila bia ya "nonaru" isikudanganye: sheria ya Japani huita kinywaji pombe kuanzia asilimia 1, hivyo iliyo chini ya hapo huuzwa kama isiyo na kilevi. Tafuta iliyoandikwa 0.00%.

## Nomihodai: piga hesabu kabla ya kukubali

*Nomihodai* ni kunywa bila kikomo kwa dakika 90 au 120. Sharti la kawaida ni meza nzima iingie, glasi iishe kabla ya kuomba nyingine, na oda ya mwisho ni dakika 30 kabla ya muda kwisha. Dakika 90 zako kumbe ni 60 za kuagiza.

Chukua mfano wa yen 1,800 kwa mtu na glasi za yen 450. Lazima kila mtu afikishe glasi nne ili arudishe pesa yake tu. Kwenye kundi lenye wawili wasiokunywa, wanalipia pombe za wenzao. Ulizeni kama kuna *sofuto dorinku nomihodai*, ya soda na chai, kwa bei ndogo. Isipokuwepo, agizeni kwa glasi.

## Hatua ya 6: Wali wa mwisho na bili

Wali mnaoutafuta tangu mwanzo huja sasa. Unaitwa *shime*, kifungio: *yaki onigiri* (tonge la wali lililochomwa), *ochazuke* (wali uliomwagiwa chai au supu) au bakuli la tambi. Huachwa mwisho kwa kuwa ukishiba wali mapema, vinywaji na sahani ndogo havina nafasi. Mwenye njaa kali aombe onigiri katikati, hakuna atakayekufa.

Sikilizeni neno *rasuto odaa*, oda ya mwisho. Siku za msongamano meza ni ya saa mbili tu, na mkiambiwa muda umekwisha, inukeni.

Semeni *okaikei onegaishimasu*, au mkiwa mbali kutanisheni vidole viwili vya shahada kwa umbo la X. Mtapewa karatasi ya kupeleka kwenye kaunta karibu na mlango. Isomeni palepale mezani. Mfano wa watu wanne:

- Otoshi 4 × 400 = yen 1,600
- Sahani 8 × 550 = yen 4,400
- Vinywaji 8 × 450 = yen 3,600
- Jumla yen 9,600, kodi asilimia 10 ni 960, hivyo 10,560

Kila mtu yen 2,640. Kodi ndiyo inayoshtua: menyu nyingi huandika bei bila kodi (税抜) kwa tarakimu kubwa, na yenye kodi (税込) kwa ndogo chini yake. Someni ile ndogo. Baadhi ya sehemu huongeza asilimia fulani usiku wa manane. Hilo pia huandikwa kwenye menyu.

Gawaneni sawa, *warikan*. Mmoja alipe yote, wengine wampe taslimu au wamtumie kwa simu. Kuomba kila mtu alipe alichokula foleni ikiwa nyuma yenu ni kumtesa mhudumu, na sehemu nyingi hukataa. Kama kuna asiyekunywa, mpunguzieni wenyewe mezani kabla hamjasimama. Yeye hatasema.

Bakshishi hakuna. Ukiacha sarafu mezani, mhudumu atakukimbiza barabarani kukurudishia. Sema *gochisosama deshita* ukitoka.

## Hatua ya 7: Kurudi nyumbani

Angalieni saa ya treni ya mwisho kabla ya kuagiza shime, si baada ya kulipa. Mijini huondoka karibu na saa sita usiku, na teksi ya kutoka katikati ya Tokyo hadi pembezoni inaweza kuzidi bili ya mlo wenu wote.

Aliyekuja kwa baiskeli na amekunywa, aikokote. Tangu Novemba 2024 kuendesha baiskeli ukiwa na kilevi mwilini kuna adhabu ya kifungo hadi miaka 3 au faini hadi yen 500,000, na aliyekupa pombe au baiskeli akijua utaendesha anaingizwa pia. Kwa mwanafunzi au mfanyakazi mwenye viza, kesi hiyo haishii kwenye faini.

Na msisimame mlangoni mkipiga soga kwa sauti. Ghorofani watu wamelala, na wanaolalamikiwa kesho yake ni wenye izakaya.